Chupa Tano za Maji ya Moto

Langoni palikuwa na kibao cha mti kilichochomwa maandishi kwa chuma cha moto: IACHE DUNIA HAPA. Chini ya kibao aliketi askari mwenye kapu, na ndani ya kapu hilo tuliiacha dunia yetu yote, yaani simu kumi na saba pamoja na chaja zake. Askari akalifunika kapu kwa gunia, akalisukuma kwa mguu hadi chini ya benchi lake, kisha akatoa simu yake mwenyewe mfukoni na kuendelea kusikiliza habari za mpira.

Nilikuwa na miezi minane tangu nihitimu chuo kikuu, na miezi saba tangu niajiriwe na shirika dogo la Malindi linalotetea haki ya wanavijiji kupata maji. Mkurugenzi wetu, mwanamume mpole asiyeweza kukataa jambo lolote lililoandikwa vizuri, alikuwa ameamua kwamba tumechoka. Kutetea maji kunachosha. Tukapakiwa kwenye gari la kukodi, tukaipita Gongoni, ambako vibarua wa chumvi walikuwa wameinama juani, nasi tukawatazama kwa huruma kupitia vioo vilivyofungwa ili kiyoyozi kisipotee bure. Tukaiacha lami. Tukaipita Adu na mahindi yake yaliyokauka kabla ya kufika magotini. Mwishowe tukafika penye chemchemi ya maji ya moto, tukae siku nne na kuendesha warsha yenye mada iliyomgharimu mkurugenzi wiki nzima ya kufikiri: Maji ni Haki, Haki ni Maji.

Mwenye mahali alitupokea pekupeku, amevaa kikoi na shanga za mbao. Zamani alikuwa mtu wa benki Nairobi. Aliiacha benki, au benki ilimwacha. Simulizi zake zilitofautiana kulingana na saa. Aliongea kwa sauti ya chini sana hata sote tukalazimika kuinama mbele yake ili tumsikie, jambo ambalo nadhani lilimpendeza.

"Hapa," alinong'ona, "mtaishi kama walivyoishi wahenga."

Wahenga wake walikuwa wameishi katika vibanda vya udongo vilivyoezekwa makuti, bila umeme, na choo cha shimo alichokieleza kuwa kinarudisha ardhini kilicho cha ardhi. Uji tulinywea vifuu vya nazi. Niliviangalia vibanda vile kwa makini, nikaona ni ndugu wa nyumba tulizozipita kijijini nusu saa kabla. Tofauti ni kwamba wanakijiji hawakuwekewa ua la mwasumini juu ya mto wa kulalia, na kwamba wao walikuwa wakiomba mabati. Katika kabati la ofisi yetu mlikuwa na andiko refu la kukiondolea kijiji kile kile vyoo vya shimo. Mimi mwenyewe nililisahihisha. Sasa tulikuwa tumekuja kupumzishwa na vyoo hivyo.

Chemchemi yenyewe, sharti nikiri, ilikuwa ajabu ya kweli. Maji yalitoka mwambani yakifuka moshi, hayashikiki, yakateremka kwenye bwawa dogo ambamo yalipoa kiasi cha mtu kuweza kuingia huku akilalamika. Yalinuka mayai viza. "Huo si uvundo," alisema mwenye mahali, "ni pumzi ya ardhi." Wenzangu wakaivuta pumzi ya ardhi hadi macho yakawatoka machozi. Ofisa wetu wa jinsia alijikandika tope mwili mzima, akakaa juani kama ukuta unaongojea chokaa. Bwawa lote lilizungushiwa ua wa matete, na nje ya ua palikuwa na lile lango, na kwenye lango kibao cha pili kidogo zaidi: Wageni wakiwepo, wanakijiji hawaruhusiwi. Wageni, nilikuja kuambiwa, walikuwepo takriban kila wiki.

Kanuni kuu ya mahali ilikuwa kimya. Tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi mtu hakuruhusiwa kutamka neno. Siku ya pili nilivumilia hadi saa mbili, nikaenda jikoni.

Mpishi alikuwa mama wa makamo, Mgiriama wa kijiji cha jirani, mwenye leso mbili na jicho moja lililopenda kucheka kabla ya lenzake.

"Umeambiwa usiseme mpaka saa nne," alisema, "na hii ni saa mbili."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba chai ya rangi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndimi mnazo. Jana jioni niliwaona mmekaa duara, vichwa chini, nikamwambia askari, hawa wamefiwa. Akaniambia hapana, wanapumzika." Akanimiminia chai. "Nikamwambia, basi mimi sijawahi kupumzika, nashukuru Mungu."

Nikacheka hadi nikaogopa kusikika. Tukaongea. Ndipo aliponiambia kwamba binti yake amejifungua siku kumi na moja zilizopita, uzazi mgumu, mtoto mkubwa, kwenda zahanati kwa bodaboda juu ya mashimo yale tuliyoyalalamikia sisi tukiwa kwenye viti vya sponji.

"Mtoto mzima, alhamdulillahi," alisema akiutazama mtandio wangu, "ndivyo msemavyo ninyi. Mama yake ndiye. Hasimami wima. Anatembea amejishika kiuno kama bibi kizee, na mguu mmoja umevimba."

"Anakandwa?"

Aliniangalia upya. "Wewe wa wapi?"

"Mambrui. Bibi yangu alikuwa mkandaji."

"Ahaa. Basi unajua." Akavuta kigoda. "Anakandwa kwa maji haya haya. Mimi nilikandwa humu, na mama yangu humu. Mzazi alikuwa akiletwa asubuhi na jioni, anakalishwa pale kwenye jiwe bapa, wanawake wanamzunguka na leso. Sasa pana lango."

"Na wageni tupo siku nne."

"Mpo siku nne. Kabla yenu walikuwepo wengine wa kupumua. Kupumua tu, mwanangu, siku tano."

"Sasa maji anayapata wapi?"

"Yanafika," alisema mama, akanipa mgongo, akaanza kufuta chupa za chai. Zilikuwa tano, kubwa, za kuwekea chai ya watu wengi. Nyuma ya jiko ulipita mfereji mdogo wa maji yaliyofurika kutoka bwawani, na mvuke wake uliingia dirishani. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu, lakini nilikuwa nimeshapandwa na hasira, na mtu akishapandwa na hasira ya haki haoni kitu kidogo kama chupa.

"Mama, hii ni dhuluma. Nitaisema leo mkutanoni."

"Usiiseme."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilivyokaa imekaa vizuri. Chungu kikishakaa sawa mafigani hakitikiswi."

Chuoni nilifundishwa jina la hali ile: sauti iliyonyamazishwa. Nilikuwa nimeiandikia tasnifu nzima. Basi nikamtazama mama yule, aliyekwisha kunipa maelezo kamili ya jambo pamoja na ushauri wa namna ya kulishughulikia, nikaona mbele yangu mtu asiyejua kusema. Nikanywa chai yake, nikaondoka kwenda kumsemea.

Baada ya chakula cha mchana nilisimama. Nilisema kwa ufasaha. Hilo bado nalikumbuka kwa aibu. Nilisema sisi ni watu kumi na saba tuliokuja kuzungumzia haki ya maji ndani ya ua uliojengwa ili wenye maji wasiyapate. Nilisema hatua mia sita kutoka hapa yuko mwanamke asiyeweza kusimama wima. Nikataja kiuno. Nikataja mguu. Nikaeleza uzazi wake jinsi ulivyokuwa, kwa kuwa tulifundishwa kwamba undani hugusa nyoyo.

Nyoyo ziligusika. Wawili walilia. Mkurugenzi akachukua kalamu nyekundu, akaandika MAMA katikati ya karatasi kubwa ukutani, akalizungushia duara, kisha akatoa mishale kutoka kwenye duara kwenda pande zote, ila mishale haikufika popote. Kamati ndogo ikaundwa kuitafutia mishale mahali pa kwenda. Kisha mwenye mahali akaitwa.

Alisikiliza amefumba macho, kiganja kifuani. Alipoyafumbua yalikuwa na unyevu.

"Nimeguswa," alinong'ona, nasi tukainama. "Nimekuwa kipofu. Mnajua kila jioni mama huyu hubeba kapu la chupa za chai kichwani, akazioshe kwake, kwa sababu mimi sikutaka kelele za vyombo karibu na wageni? Anatoka hapa kachoka, tena na mzigo. Basi tangu leo chupa zitabaki hapa. Mama ataondoka mikono mitupu, apumzike na mjukuu wake."

Tukampigia makofi ya kimya kimya, ya vidole viwili juu ya kiganja, kwa kufuata kanuni ya mahali. Nami nilipiga.

"Na lango?" niliuliza.

"Lango ni safari," alisema. "Tutakaa na jamii, tusikilizane, msimu ukiisha." Msimu wake haukuwa na mwisho, lakini jibu lilikuwa limesemwa kwa upole kiasi kwamba kuuliza tena kungekuwa utovu wa adabu. Likaandikwa kama azimio.

Kisha mtu fulani, Mungu amsamehe, akapendekeza mama aitwe apongezwe. Akaja na unga mikononi, akasimama chini ya jina lake lililoandikwa kwa wino mwekundu. Mkurugenzi akamwambia sauti yake imesikika. Mhasibu wetu, kijana mzuri asiye na kosa lolote ila kukaa kiti cha mbele, akamwuliza kwa sauti ya daktari:

"Mama, hebu tueleze, binti anaumwa hasa sehemu gani?"

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Hajambo," alisema. "Asanteni." Akarudi jikoni.

Kwetu Mambrui hali ya mzazi huulizwa mlangoni, na mwanamke, kwa sauti ya chini, na jibu huwa "hajambo" hata kama anakufa, mpaka mlango ufungwe ndipo husemwa la kweli. Bibi yangu alikanda nusu ya mji, na katika maisha yangu yote sikupata kumsikia akitaja kiungo cha mtu. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo kwa sababu halikuwa jambo la kufundishwa; nilikua nalo, kama nilivyokua na jina langu. Ilihitaji miaka minne ya chuo kunisahaulisha.

Jioni, kabla ya magharibi, nilimwona mama akitoka langoni. Kichwani hakuwa na kapu. Mikono yake ilining'inia kama ya mtu aliyepokonywa kazi, na askari, ambaye siku zote huangalia simu yake mama apitapo, safari hii alimtazama, akatazama kichwani pake, pale kapu la chupa linapokuwa, akatikisa kichwa. Ndipo chupa tano ziliponijia zote kwa pamoja: mfereji nyuma ya jiko, mvuke dirishani, "yanafika". Nilikimbia nikamkuta karibu na mikanju, yaani mikorosho iliyo jirani na kwao.

"Mama, zile chupa..."

"Zile chupa ndizo zilizokuwa mazungumzo yangu na mwenye mahali," alisema bila kusimama. "Tulikuwa tunaelewana vizuri sana, kwa kuwa yeye hajui."

"Na maji ya kisimani hayawezi..."

"Kisima gani, mwanangu? Hapa tunateka lambo, mwendo wa saa nzima, maji ya tope. Nikayachemshe kwa kuni gani asubuhi na jioni? Haya Mungu ameyachemsha mwenyewe." Akasimama sasa. "Juzi alianza kuinuka bila kushikwa. Leo atakosa. Kesho mtakuwepo bado. Mkiondoka watakuja wengine."

Nilisema niwie radhi. Nilisema nitakwenda kwa mwenye mahali nimweleze kila kitu.

"Umweleze tena?" Jicho lake la kwanza lilicheka; la pili halikucheka. "Wewe usiseme kitu hata kimoja. Umekivunja chungu, kifinyange. Lakini kwa mikono, si kwa mdomo."

Usiku ule sikuyapinga maneno yake, jambo lililokuwa jipya kwangu. Na kabla ya kulala nikasikia mwenye mahali akitangaza ratiba ya asubuhi: matembezi ya kimya, nje ya lango, kwa yeyote aliyependa, kusikiliza ardhi kwa nyayo. Hakuna aliyeruhusiwa kunena. Hakuna, kwa hiyo, aliyeruhusiwa kuuliza.

Alfajiri nilikuwa jikoni. Sikumtamkia mama neno. Nilishika chupa moja, nikauelekezea kidole mfereji, kisha lango, kisha njia ya kwao. Akafikiri kidogo. Akanionyesha vidole vitano, yaani zote, halafu akanionya kwa kidole kimoja, akanong'ona: "Wanaume waishie mikanjuni. Asichungulie mtu." Tukazijaza, tukazifunga vizuri. Nilizipanga kwenye mkeka mbele ya watembezi, nikachukua moja, nikatazama wenzangu. Ofisa wa jinsia akachukua ya pili. Mhasibu, ya tatu. Mkurugenzi, asiyeweza kukataa jambo lililopangwa vizuri, akachukua ya nne. Ya tano aliichukua mwenye mahali mwenyewe. Aliipapasa, akahisi joto lake, akaniinamia sikioni akavunja kanuni yake kwa maneno matatu: "Chai njiani! Vizuri!"

Mimi niliyeandika juu ya uwazi sikumsahihisha. Ilikuwa bado saa moja asubuhi, na kimya kilikuwa chake.

Tulitembea kwa mstari, mama mbele kama kiongozi wa njia, tukipita mihogo na mbuzi waliofungwa. Askari alisimama tulipopita, akapiga saluti, na nadhani alilipigia kapu la mama ambalo halikuwepo. Watoto wa kijiji walisimama kando ya njia wakatutazama watu wazima wanane tukinyanyua miguu polepole, tumekumbatia chupa za chai, tumefumba midomo. Mmoja akauliza kwa sauti kama tuna wazimu. Dadake akamwambia hapana, ni wa kule kwenye maji.

Mikanjuni mama alitukalisha. Akaja mwanamke mzee, akaja na mwingine, wakazichukua chupa bila salamu, wakaingia nazo nyuma ya nyumba. Mwenye mahali alizisindikiza kwa macho, akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Tukakaa. Kutoka nyuma ya nyumba tukasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, leso ikikamuliwa, ikipigwa mgongoni, ikikamuliwa tena; wimbo mfupi wa wanawake usio na maneno mengi; halafu sauti moja changa ikitoa pumzi ndefu iliyokuwa imebanwa tangu jana. Mkurugenzi alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Baadaye, kwenye tathmini, aliandika kwamba pale mikanjuni alisikia ardhi ikipumua.

Chupa zikarudishwa tupu. Tukarudi. Mama alizisuuza kadiri maji yalivyoruhusu, na saa nne chai ikaletwa humo humo. Ilikuwa na harufu ya mayai viza na ladha ya chumvi. Mwenye mahali alionja, akainua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake, akatangaza kwamba matembezi yameifungua chai. Wote wakakubali kwamba imefunguka. Mhasibu aliomba kikombe cha pili.

Kesho yake, kabla hatujarudi Malindi, tulitembea tena, kwa maombi ya wengi. Baadaye nikasikia kwamba mwenye mahali ameyaingiza matembezi ya chai katika ratiba yake ya kudumu, asubuhi na jioni, na kwamba wageni waliotufuata waliyapenda kuliko tope. Lango halikufunguliwa. Kikao na jamii hakikukaa. Katika ripoti yetu lile azimio limo ukurasa wa tatu, na mishale yake. Ile kazi iliyofanyika haimo. Sikuiandika, na ni ripoti ya kwanza ninayojivunia kwa kile kilichokosekana ndani yake.

Siku tulipoondoka nilikuwa nimemwomba mama anipeleke nimwone mzazi. Kusema kweli nilitaka kushukuriwa.

"Hatazamwi sasa," alinijibu. "Akitolewa nje, arobaini yake ikitimia, njoo."

Nilihesabu siku, nikaenda kwa bodaboda kutoka Gongoni na leso mpya ya doti nzima kwenye mfuko. Uani palikuwa na wanawake, wali, na watoto waliopakwa mafuta. Msichana mmoja alitoka ndani amebeba mtoto kwa mkono mmoja na kigoda kwa mkono wa pili. Alitembea wima. Aliweka kigoda mbele yangu, akajipinda kunikaribisha, akainuka tena bila kushika kiuno.

"Shikamoo," nilisema, ingawa tulikuwa rika moja, ulimi ulinitangulia.

Hakuitikia. Alinitazama kwa lile jicho la mama yake, linalocheka kabla ya lenzake.

"Ni wewe," aliuliza, wanawake wote wakiwa wanasikia, "ndiye uliyewatajia wanaume kiuno changu?"

"Ndimi."

Uani pakawa kimya, kimya cha kweli, si kile cha kanuni ya mahali. Kisha akanipakatisha mtoto.

"Mshike vizuri," alisema. "Tena usimseme popote."